Ngazi Niliyoichora Ubaoni

Nyumba ya nyuma ya duka la vioo,
S.L.P. 214.
Jumatano, 9 Juni.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ule mguu umeacha kuvimba. Shemeji naye je, bado anakohoa akipanda ngazi? Sisi huku miili haijambo. Watoto wanakula vizuri na kugombana vizuri. Mimi ndiye nisiyejielewa, na ndiyo maana nimekaa kimya miezi miwili. Si kazi iliyonibana, dada. Ni aibu.

Unajua wifi yako ana miaka kumi na minne pale maabara ya hospitali. Mwezi wa pili walimwita ofisini, wakamwambia wanataka awe msimamizi wa maabara nzima, watu kumi na mmoja chini yake, saba kati yao wanaume. Alinieleza kabla hata hajavua viatu, uso umemng'aa. Nikamwambia tuliombee kwanza. Sikuliombea. Kesho yake kazini, fundi wangu wa mashine ya kuchapa aliposikia habari hiyo alinitania, "Sasa bosi akichelewa kurudi nyumbani, nani atamuuliza?" Tulicheka wote, ila neno hilo nilirudi nalo nyumbani.

Sasa sikia nilichofanya. Jumapili ile zamu ya kufundisha darasa la wanandoa ilikuwa yangu. Nilichora ngazi ubaoni: juu kabisa Baba, chini yake Mwana, kisha mume, halafu mke. Nikasema Mwana anamtii Baba tangu milele, kabla dunia haijaumbwa, na hapungukiwi kitu kwa kutii. Basi na mke akimtii mumewe hapungukiwi. Ilipendeza masikioni, dada. Wanaume walitikisa vichwa kukubali. Mzee mmoja wa kanisa tunayemwita Kipaza kwa ukubwa wa sauti yake, alisema hajawahi kusikia jambo likielezwa vizuri namna ile.

Wifi yako akanyoosha mkono. Aliuliza kwa upole tu, "Kama Baba na Mwana wana nia moja, huyu anaamrisha nini na yule anatii nini?"

Nikamwambia mbele ya watu wote, "Kaa chini. Tutaongea nyumbani." Akakaa. Alifunga daftari lake, akaweka mikono juu yake mpaka tukamaliza. Nyumbani hatukuongea. Jumatatu aliandika barua ya kukataa cheo, akaniletea nimsahihishie. Nikasahihisha, dada. Nilitia mkato mahali palipokosa mkato.

Halafu kichwa kikanivimba zaidi. Nikalichapa somo lile kuwa kijitabu, nakala mia tatu, jalada la kijani, nikakutumia ishirini. Ukanijibu kwa fahari kwamba umempa mpwa wangu kimoja siku mlipomuaga kwenda kwa mumewe. Barua yako hiyo sijaweza kuisoma mara ya pili. Nakuomba umwambie mjomba wake alikosea, na kama mumewe ameanza kumsomea kurasa zile, anipigie mimi simu, nitaongea naye mwenyewe.

Mchungaji aliponiita nilidhani ananipongeza. Nikakuta kijitabu mezani kwake kimejaa kalamu nyekundu. Nilijitetea. Si Mwana mwenyewe alisema Baba ni mkuu kuliko yeye? Si aliomba kule bustanini mapenzi ya Baba yatimizwe? Mchungaji akakubali kwamba ndiyo, aliyasema hayo akiwa amevaa mwili wetu, amejishusha kwa hiari yake.

"Lakini kule milele hakuna mkubwa na mdogo," akasema. "Ukiweka mmoja wa kuamrisha na mwingine wa kutii, umeshapata miungu wawili, mmoja bosi na mmoja karani."

Nikamtajia walimu wenye elimu kunishinda ambao wanafundisha kama nilivyofundisha. Akasema anawafahamu, na ubishi wao anaufuatilia. Kisha akaniuliza taratibu, "Wewe jambo hili ulilisoma, au ulilihitaji?"

Dada, nililihitaji. Nilimshusha Mwana ngazi moja ili nipate pa kumsimamisha mke wangu. Nilitoka mle ofisini nikapita katikati ya wanakwaya bila kumsalimu mtu.

Nilikwenda hospitali kuomba wampe tena nafasi. Mganga mkuu alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia imeshajazwa. Amepewa binti ambaye wifi yako ndiye aliyemfundisha kutumia darubini. Siku hizi wifi yako akitaka ruhusa, binti huyo ndiye anayetia sahihi.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya darasa lile lile, nikaeleza nilikosea wapi na kwa sababu gani. Kipaza alitoka nje kabla sijamaliza, na anadai mchungaji amenitisha. Wengine wamepunguza salamu. Wifi yako hakuwepo, alikuwa zamu. Nilimngoja arudi. Jioni, akipiga pasi koti lake jeupe, nikamwambia yote, ya fundi wa mashine, ya hospitali, na kwamba wivu wangu niliupa jina la Mungu. Hakuacha kupiga pasi. Alipomaliza mkono wa pili ndipo akanitazama.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila siku nyingine ukiogopa, niambie unaogopa. Usimtume Mungu."

Tangu siku hiyo anaamka, anakwenda kazini, anarudi, anatuuliza tumeshindaje. Hanionyeshi hasira hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko matusi.

Msalimie shemeji, na binamu yetu mshona viatu, na Bi Mkubwa kama bado anakumbuka sauti za watu. Mpwa wangu mpe salamu zake peke yake, za mjomba anayeona haya. Mungu awalinde ndani ya nyumba yenu, na kila mmoja aliyemo apate nafasi ya kusema.

Wako akupendaye, hata leo anapoona haya kukuandikia,
Mdogo wako, mchapaji.