Meno ya Juu ya Somo Yako

Mama,

Mjukuu wako anakaa. Naanza na hilo kwa sababu ndiyo habari njema. Hukumwona, alizaliwa tulipokuwa tumeshakuzika, nikampa jina lako, Sifa, na sikumwomba mtu ruhusa. Siku hizi anakaa mwenyewe bila kuegemezwa, mgongo umenyooka kama wa mwenye duka. Ukimpa kijiko anakihamisha kutoka mkono huu kwenda ule, anakitazama, anakitupa, halafu anachungulia kimeangukia wapi. Anasema ba-ba-ba kutwa nzima. Mume wangu Salumu anadhani anaitwa yeye. Nimemwacha adhani hivyo, maana kule machimboni Kalima hana raha nyingi.

Majirani zetu wa hapa mtaani Alunguli unawajua. Mtoto wako akikaa, wa kwao alikaa mapema zaidi. Wako akitambaa, wa kwao alikuwa anakimbia. Yule wa nyumba ya pili amethubutu kuniambia, bila aibu, kwamba mwanawe alitamka "mama" kabla hata shingo haijakaza. Mwana mwenyewe sasa ni kijana mzima na salamu haitikii. Labda maneno yote aliyamaliza utotoni.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya majirani. Ni meno, Mama. Udenda ulianza kumtoka, akawa anatafuna kila kitu, kidole changu, pindo la kikwembe nilichojifunga, na asubuhi moja nikimlisha uji kijiko kikagonga kitu. Kikagonga juu. Nikanawa mikono nikapapasa. Chini ufizi mtupu, laini. Juu mawili, yametokeza pamoja.

Nilicheka. Naapa nilicheka, maana nilimkumbuka mdogo wangu Idi. Kisha nikasikia sauti ya shangazi Zaina uani, na kicheko kikaniishia.

Dada wa marehemu baba hajabadilika. Anazeeka miguu tu, mdomo bado ni kijana. Alimkamata mtoto, akamfunua mdomo kwa kidole kama anakagua mbuzi wa kununua, akatangaza mbele ya wanawake waliokuja kuchota maji: "Huyu mutoto iko kigego. Ya juu njo imetangulia. Atatumaliza!"

Atatumaliza! Mtoto ambaye hawezi kumaliza kikombe cha uji.

Unakumbuka kuliko mimi. Tulikimbia risasi za mjini tukaingia msituni, upande wa barabara ya Kibombo, na Idi alikuwa wa umri huu huu wa Sifa. Ulichimba kishimo kidogo ardhini, ukakizungushia vikwembe, ukamkalisha humo ajifunze kukaa huku unawamenyea watu mihogo ili tupate chakula. Mimi niliona ni mchezo, mtoto amepandwa. Alipojua kukaa, meno yake yakatoka, na yakatoka juu. Hapo shangazi, ambaye safari nzima hakubeba hata mwiko, akapata nguvu za kusimama na kusema: "Njo huyu alimumaliza kaka yangu."

Baba. Baba aliyekamatwa na watu wa bunduki akisukuma baiskeli yake ya mawese na chumvi, wewe ukiwa bado na mimba ya Idi. Niliuliza, mtoto mdogo nilivyokuwa, meno ambayo hayajaota yanamuuaje mtu aliye njiani mbali namna ile. Nilipigwa kofi. Miaka yote hii, Mama, nimesubiri jibu lililo bora kuliko lile kofi, na sijalipata kwa shangazi wala kwa mwingine yeyote wa ukoo ule.

Alitaka Idi apelekwe kwa wazee wa kijiji cha jirani, "akaoshwe". Walioshwa wangapi, na wangapi walirudi hai, wamelowa maji tu, hakuna aliyesema. Wewe ulimfunga mgongoni, ukakaza fundo, ukasema, "Huyu hatashuka mugongoni mwangu." Ndivyo ilivyokuwa. Wageni wakija ulimtia ziwa mdomoni, hata akiwa ameshiba, wasije wakayaona.

Idi huyo sasa anabeba abiria kwa pikipiki humu humu Kindu na anakula ugali na sombe ya watu watatu. Balaa pekee aliyowahi kutuletea ni kelele za ile injini.

Na wewe pia, Mama, acha niseme. Tuliporudi mjini, miaka yote hadi unakufa, shangazi alikuja kwako na ulimpakulia kabla yetu. Kipande cha samaki kilichonona ni chake. Nilikutazama ukimnawisha mikono. Yeye nilimdharau waziwazi. Wewe nilikudharau kidogo, kimyakimya, na hukuwahi kunieleza kitu.

Safari hii alimpigia simu Salumu, na Salumu akashuka kutoka Kalima. Mwanamume anayeingia shimoni chini ya ardhi na taa kichwani, juu yake udongo wa kumzika yeye na wenzake wote, anaogopa vimeno viwili vya ukubwa wa punje ya mchele! Akaniambia kwa sauti ya chini tumpeleke tu kijijini, wiki moja, wazee wamuoshe, watu wanyamaze. Nilimwambia apeleke meno yake mwenyewe yakaoshwe, ndiyo yenye haja.

Ijumaa baada ya swala shangazi akaja na mfuko tayari. Sabuni, mafuta, kikwembe kipya. Alikuja kumchukua. Idi nilikuwa nimemwita. Akaegesha pikipiki mlangoni kabisa, akakaa juu yake. Salumu akatazama miguu yake. Sifa alikuwa mkekani, amekaa, anatutazama mmoja mmoja.

Nikasema yote, Mama. Kila kitu nilichokilimbikiza tangu msituni. Nilimwita shangazi mvivu, mchawi wa maneno, mlaji wa jasho la watu. Nikamwambia, msituni ulimtaka Idi hukumpata, sasa unamtaka wangu. Una nini na watoto wa wenzako? Kwa nini usingezaa wako?

Akakaa chini. Si kwenye mkeka, pale pale kwenye udongo.

"Nilizaa," alisema. "Wa kwanza. Ya juu ilitangulia, kama hii. Walienda kumuosha. Walinirudishia kikwembe tu."

Kisha, taratibu, kama anayemweleza mtoto: "Idi iko muzima. Na huyu akikuwa muzima... basi wangu nilimutoa bure."

Salumu aliokota ule mfuko akautoa nje.

Ulijua. Bila shaka ulijua, ulikuwa wifi yake, na ndiyo maana ya kile kipande cha samaki. Ungeniambia, Mama. Nilikuwa na dharau ya kunitosha maisha yangu yote, nimeitunza vizuri, na sasa sijui niiweke wapi. Maana sijaiacha, usinielewe vibaya. Mwanamke aliyenyang'anywa mtoto namna hiyo, kisha akazunguka akitafuta wa wenzake wamfuate wake! Naandika haya, na sijui ni kwa hasira au...

Sifa haendi popote. Salumu ameapa mbele ya Idi, na ameniahidi kwamba wazee wakipiga simu atajibu mwenyewe.

Shangazi alipoondoka aliuliza kama anaweza kuendelea kuja. Sijawahi kumsikia akiuliza. Nikamwambia aje.

Pumzika, Mama. Mungu akulaze pema, na kama yule mtoto wa shangazi yuko huko ulipo, mbebe.

Mimi nakuahidi hivi. Shangazi atakuja, na sitamficha kitu. Atamwona Sifa akitambaa, akijishika ukutani asimame, akiota na meno ya chini, akienda shule, akikua mwanamke. Atayaona yote, siku baada ya siku, na hakuna adhabu kali kuliko hiyo ambayo ningeweza kumpa. Lakini wakati anatazama nitakaa karibu naye.

Binti yako,
Mwavita