Darubini Juu ya Bunduki ya Baba

Lick Branch, Kentucky
Jumapili, 15 Septemba 1974. Asubuhi ukungu mzito bondeni. Jua limetoka baada ya kahawa.

Mpendwa kaka Orbin,

Mgongo wako unaendeleaje, na hao wa kiwandani wanakulisha nini? Sisi huku wazima. Maharage nimeyatunga uzi yote, yananing'inia barazani yakikauka.

Darubini uliyonitumia imefika! Nilifungua boksi kabla hata ya kuvua koti, nikaielekeza dirishani, nikaona kunguru juu ya banda la Hobert mpaka jicho lake. Kaka, miaka hii yote nilikuwa nalenga wingu nikiliita shabaha.

Nimeifunga leo juu ya bunduki ya Baba, ile ndogo inayojipakia yenyewe. Reli ya darubini imekaa sawasawa, matundu yamelingana. Skrubu moja iliniponyoka ikaingia kati ya mbao za baraza, nikachukua nyingine kwenye kopo la Baba. Nyumba hii hakuna chuma kilichowahi kutupwa, unajua. Iliingia bila ubishi.

Halafu nikaenda kwa Estill kuandikisha jina kwa ajili ya shindano lake la kulenga shabaha, lile la kugombea nyama ya ng'ombe. Akanitazama, akajikuna ndevu. "Nafasi ni ya watoto wa Maggard," akasema, "na wewe ni mtoto wa Maggard. Lakini sheria ni ile ile, Verdie." Risasi tano kabla hajamaliza kuhesabu kumi. Isiyotoka imekosa. Atakayeshika mkia anampisha anayesubiri, na anayesubiri ni binamu yetu Hobert, ambaye amesubiri mpaka meno yamemtoka.

Baba alisimama pale tangu ng'ombe wa kwanza, kisha wewe. Sitaki nafasi hiyo iponyoke mikononi mwangu.

Dada yako,
Verdie


Ypsilanti, Michigan
21 Septemba

Dada Verdie,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi, nikachelewa basi. Mgongo unalalamika lakini unafanya kazi. Nakusalimu wewe na kunguru wa Hobert.

Niliomba ruhusa ya kuja tarehe kumi na mbili Oktoba, siku ya shindano, msimamizi akacheka. "Ng'ombe?" akasema. "Maggard, kila mtu humu ana bibi anayeumwa, wewe una ng'ombe?" Basi wewe ndiye tegemeo.

Skrubu usiikaze moja mpaka mwisho. Kaza hii kidogo, hamia ile kidogo, mpaka zote zishibe. Kisha weka bunduki juu ya gunia la mahindi, piga tatu, rekebisha darubini, piga tatu tena. Usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja. Lakini nani namfundisha utaratibu? Wewe ndiye uliyekuwa unaandika kila yai lililotagwa.

Niambie imepigaje. Sitalala vizuri mpaka nijue.

Kaka yako,
Orbin


Lick Branch
Jumapili, 29 Septemba. Mawingu, upepo kutoka kilimani, mvua haijaamua.

Mpendwa kaka,

Salamu kwanza, maana nikianza na habari nitasahau salamu. U mzima? Mimi mzima wa mwili tu.

Shabaha ni ajabu. Risasi tatu nimezifunika kwa kifungo cha koti. Nilipiga kelele mpaka mbwa akaingia chini ya nyumba.

Ila bunduki inakwama. Risasi ya kwanza inatoka vizuri, ya pili huenda, ya tatu ganda la risasi linasimama wima kwenye tundu la kutokea, nusu ndani nusu nje, na hakuna kinachosogea. Nimeisafisha, nimeipaka mafuta, nikayafuta tena nikidhani yamezidi. Nimenunua risasi za aina nyingine, zenye nguvu zaidi. Magazini, lile kasha la risasi, nimeifungua nikaiosha. Kila siku jambo moja tu, na kila siku naandika. Bado inakwama.

Jana Hobert alinikuta dukani, watu wote wapo. "Verdie, hiyo darubini ni ya kutazamia mwezi?"

"Ya kukutazamia wewe, Hobert. Utakuwa mbali sana nyuma."

Walicheka, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nikapiga tano, zikatoka mbili.

Dada yako,
Verdie


Ypsilanti
4 Oktoba

Dada mpenzi,

Nakusalimu kwa haraka ili barua iwahi. Nimewauliza watu watatu hapa wanaojua bunduki, wote wananiambia uliyokwisha kufanya.

Sikia. Ondoa hiyo darubini, rudi kulenga kwa macho kama Baba. Najua huoni tena ile ncha ya mbele. Lakini risasi tano zilizotoka ovyo ni afadhali kuliko mbili nzuri na tatu zilizobaki ndani. Tukishika mkia, basi. Hobert ni damu yetu pia. Baba angeelewa.

Sikulaumu hata kidogo. Mimi ndiye niliyeleta darubini.

Kaka yako,
Orbin


Lick Branch
Jumamosi, 12 Oktoba. Asubuhi jalidi ya kwanza, nyeupe mpaka mtoni. Anga safi, upepo hakuna.

Orbin, kaka yangu!

Salamu, afya, mgongo, yote nakuuliza kwa mpigo. Keti.

Barua yako ilinifika Jumatatu na ilinikasirisha sana. Hata hivyo nilitii. Niliondoa darubini na reli yake, nikapiga tano kuelekea gogo. Zikatoka kama maji. Tano tena. Tano tena. Nikarudisha reli na darubini: ya pili ikakwama.

Nikakaa chini pale pale kwenye majani. Haikuwa risasi, haikuwa magazini. Ilikuwa kitu ninachokifunga mwenyewe!

Nikafungua bunduki mezani. Kile chuma cha ndani, kinachorudi nyuma kutema ganda, kina mkwaruzo mgongoni, mpya, unang'aa. Nikazitoa skrubu nikazipanga kwenye kitambaa. Ile ya kopo la Baba imezizidi nyingine urefu kwa unene wa ukucha. Ilikuwa inapenya paa la bunduki na kukikanyaga kile chuma kila kikipita! Nikaipiga tupa, nikailinganisha, nikaipiga tena. Nikafunga zote, hii kidogo, ile kidogo. Jumanne mpaka Ijumaa nilipiga asubuhi na jioni na haikukwama hata mara moja. Sikukuandikia. Niliogopa kumwambia mtu.

Leo sasa. Watu walijaa mpaka barabarani. Hobert alisimama nyuma yangu na bunduki yake tayari mkononi, kana kwamba anaitwa. "Usiharakishe, binamu," akasema, "mimi nina siku nzima."

Estill akaanza kuhesabu. Kwa mchungaji wa kanisa, aliyepiga kabla yangu, alikuwa amehesabu polepole kama anazika mtu. Kwangu akahesabu kama nyumba inaungua. Moja, mbili, mimi risasi ya kwanza. Nilikuwa nasikiliza ganda kuliko kulenga. Likaruka. La pili likamwangukia Hobert kwenye kofia. La tatu, la nne. Alipofika nane nilikuwa nimemaliza, na kidole bado kilikuwa kinavuta.

Wa tatu, Orbin! Kati ya kumi na wawili! Bega zima la ng'ombe limelala kwenye pipa la chumvi ninapoandika.

Na mkia? Mchungaji. Hobert kapata nafasi ya mchungaji, na mchungaji ndiye anayesubiri. Hobert alinikumbatia mpaka nikadondosha darubini, haikuvunjika. "Sasa nitakushinda nikiwa pembeni yako," akasema.

"Ndiyo njia pekee ya kuniona vizuri," nikamwambia.

Kisha Estill akachukua chaki. Kwenye ubao imeandikwa "Maggard" tu tangu enzi za Baba. "Mwakani niandike nani?" akauliza. "Orbin akirudi atataka pake."

Kaka, nilikufikiria. Nilifikiria ulivyobeba darubini ile mpaka posta kwa mgongo huo. Nikasema, "Andika Verdie."

Akaandika.

Basi rudi, chumba chako kipo, nyama ipo. Lakini shindanoni utasubiri kama wengine, nyuma ya mchungaji.

Dada yako,
Verdie

Jumapili asubuhi, kabla ya kufunga bahasha: jalidi tena. Nilijilaza mapema, nikaamka kutazama kama kidole bado kinavuta, nikajilaza tena. Usingizi ulinichukua saa nane na robo usiku.