Kisiwa Kimekuwa Nchi

Mbita,
kwa njia ya Posta ya Homa Bay.
Tarehe 12 Oktoba 1965.

Mpendwa shemeji Javan,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa kaka yako Dishon. Je, mwili haujambo? Chakula cha huko sasa umekizoea? Sisi tu wazima, mvua imeanza, na Mama anakula tena.

Hilo la kula lina habari yake, na kosa lilikuwa langu.

Mwezi wa nane redio ilitangaza kwa Kiswahili kwamba Singapuri imetengana na Malesia. Mama akaniuliza wamesema nini juu ya mahali mwanawe anaposomea injini za meli. Unakijua Kijaluo changu, mimi Mkuria niliyeolewa hapa juzi juzi. Nikamwambia kisiwa kimekatika kutoka bara. Naye ameona visiwa vya mafunjo vikikatwa na upepo na kuchukuliwa na ziwa hadi visionekane. Akaketi chini palepale.

Nilijaribu kurekebisha, lakini kila neno nililoongeza lilizidi kuharibu. Dishon naye alipomweleza, Mama alidhani anamfariji tu. Wiki nyingi alionja uji tu. Mimi nililia jikoni, nisionekane.

Baba mdogo Cephas, aliyepigana huko huko Malesia akiwa askari wa Mwingereza, alipofika kutoka Homa Bay alimchorea ardhini kwa kijiti: bara refu, kisiwa chini yake, na barabara ya mawe iliyovuka maji katikati.

"Ni kama sisi na Rusinga, ila wao hawahitaji mtumbwi," akasema. "Kisiwa hakijasogea. Ni serikali tu zimeachana."

"Basi mbona mtoto haandiki?" Mama akauliza.

Ijumaa barua yako ikafika. Dishon aliisoma mara nne. Ulipoandika kwamba ulilala Malesia ukaamka Singapuri bila kuhama kitanda, na kwamba kibali chako bado kinakubaliwa, Mama alicheka hadi akashika ubavu. Mimi nikaenda kumsongea ugali, akaumaliza.

Umesema yule mjane wa Kihindi mwenye nyumba yako anauliza sasa yeye ni mtu wa wapi, maana Wachina, Wamalai na Wahindi wote wameambiwa ni taifa moja. Mwambie kutoka kwangu: mwanzoni utajikwaa kwa kila neno. Siku moja utachelewa kurudi, uwakute watu wanakuulizia. Hapo utajua umekuwa wa pale.

Jana Mama alirudi ufuoni kuanika samaki wa omena. Mwanamke mmoja akampa pole kwa mwana aliyepotea na kisiwa.

"Nyathina, mwanangu, hajapotea!" Mama akamjibu. "Yuko katika nchi ndogo kuliko wilaya yetu, na ina bendera yake!" Kisha, kana kwamba sikukosea kamwe, akanishika mkono mbele ya wote. "Huyu hapa ndiye aliyenieleza."

Dishon, baba mdogo Cephas, dada yako Dolphine na watoto wake wanakusalimu. Mungu aliyekutunza wakati sisi hatukujua ulipo, azidi kukutunza.

Ni mimi shemeji yako anayekupenda,
Rael.