Kadi Ndani ya Mkebe wa Unga

Bwiza, Bujumbura, Juni 2025

Assia mwanangu,

Salamu zikufikie huko Maskati. Huku tuko wazima, baba yako bado anashona.

Jana tulipiga kura. Mstari mzima ulikuwa wa sisi wazee. Karani akaniuliza, "Mama, vijana wa kwenu wako wapi?" Mi nikachovya kidole kwenye wino, nikatoka.

Mwanangu, ile kadi yako ya kura, uliyoitafuta siku nzima kura iliyopita, haikupotea. Niliificha ndani ya mkebe wa unga. Siasa ilikuwa imeshamla kaka yako Hamimu, aliyeuawa kwenye maandamano, nikaogopa itakula na wewe. Ulilia, ukasema nchi imekukataa, ukaondoka.

Nchi haikukukataa. Ni mimi.

Kadi bado imo. Kila nikichota unga naiona, kisha naifunika tena.

Mama yako mwenye wino kidoleni,
Khadidja