Udongo wa Tuta la Tentulidihi

Kesharpada, 3 Julai 2006

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nagusa miguu yako kutoka huku. Masikio yanaendeleaje? Ile dawa ya matone unatia, au umeificha nyuma ya saa ya ukutani kama ya mwaka jana? Mimi mzima, ila nimekonda. Mpishi anasema nikikonda zaidi sari zitaanza kunikimbia.

Baba, miezi mitatu ya ukuu wa wilaya imenifunza kitu kimoja tu, kwamba sina muda. Juzi niliketi nikahesabu kamati ambazo mwenyekiti wake ni mimi. Arobaini na moja. Ipo ya chanjo, ipo ya ukame, ipo ya mafuriko, na hizi mbili za mwisho zimekaa wiki moja. Asubuhi naanza na faili za ardhi, katikati naitwa kwa sababu watu wa vijiji viwili wamefunga barabara wakigombea kisima, nikirudi nakuta mbunge kanisubiri na uso wa ndimu. Jumatatu ndiyo siku ya wananchi kuja na shida zao, na wanafika mia moja na zaidi. Mwezi uliopita nilisikiliza hadi jioni, nikakosa kikao cha katibu mkuu, nikagombezwa kama mwanafunzi.

Wewe ulikuwa karani wa wakuu wa wilaya sita. Miaka thelathini na moja ulikuwa unaamua nani aingie na nani angoje. Nipangie na mimi saa zangu. Nitakutii.

Binti yako,
Kuni


Puri, 11 Julai 2006

Kuni mwanangu,

Marahaba, uishi miaka mingi. Masikio yangu yapo vilevile, na dawa naitia, muulize shangazi yako. Hapa mvua imeanza vizuri na paa halivuji.

Umeniuliza, sasa sikiliza. Faili zote kabla ya saa nne, mlango umefungwa, simu kwa karani. Usisome faili mara mbili. Ukiishika, isiondoke mezani bila saini au swali. Vikao weka mchana, watu wakiwa na usingizi, vitaisha upesi. Kagua kijiji kimoja kila Alhamisi na usiwaambie ni kipi, la sivyo utaonyeshwa shule iliyopakwa chokaa jana yake.

Na Jumatatu, wape watu namba. Saa saba kamili mchana mlango unafungwa. Aliyebaki apewe tarehe ya Jumatatu inayofuata, kwa heshima, aketi, anywe maji, aende. Usifungue tena kwa ajili ya yeyote. Ukimwonea huruma mmoja saa saba na dakika tano, wiki ijayo mlango wako ni soko. Wakuu wangu waliofuata hili walipanda vyeo. Aliyekataa alipata kidonda cha tumbo.

Na ule. Wali wa kulowekwa na kitunguu hauhitaji kikao.

Baba yako


Kesharpada, 2 Agosti 2006

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za nyumbani? Shangazi magoti hayamsumbui na mvua hii?

Baba, ungekuwa hapa ningekuvisha shada la maua! Meza yangu inaonekana mbao. Nimelala saa saba mfululizo mara mbili wiki hii. Karani wangu, Mzee Baidhar, mwanzoni alinuna, sasa anatembea na saa ya mfukoni kama mkuu wa stesheni.

Juzi Jumatatu ndipo nilipojua kweli nimebadilika. Saa saba imegonga, tumefika namba hamsini na mbili, na mimi nina kikao cha maandalizi ya ziara ya waziri. Naelekea kwenye gari, namkuta barazani mzee mmoja, namba hamsini na tatu. Kalandi Mallik, wa kijiji cha Tentulidihi, kando ya mto Dhanei. Amekuja kwa miguu na basi, na mkononi ana bonge la udongo mbichi amelifunga kwenye jani. Analifungua ananionyesha.

"Mama, huu nimeutoa kwenye tuta linalozuia mto. Shimo linameza mkono wangu mpaka kwapani. Mhandisi nimemwambia, kasema ni panya."

"Mzee, Jumatatu ijayo," nikamwambia. "Namba moja utakuwa wewe. Nakuahidi."

Akatabasamu, akaufunga udongo wake tena, akaniombea baraka. Zamani ningesimama, kikao kingevurugika, siku nzima ingeharibika. Sikuchelewa hata dakika. Nimefurahi nikakukumbuka.

Binti yako,
Kuni


Puri, 5 Agosti 2006, asubuhi

Kuni mwanangu,

Nimesoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nimemsomea shangazi yako kwa sauti mpaka jirani akaja kuuliza kuna harusi gani. Sisi wazima. Mvua haijakatika tangu juzi, nguo hazikauki.

Hivyo ndivyo kazi ilivyo. Huyo mzee mpe kweli namba moja, mkumbushe Baidhar, maana karani hodari naye husahau. Mengine yaendelee hivyohivyo.

Baba yako mwenye fahari


Kesharpada, 19 Agosti 2006

Baba,

Shikamoo. Natumai wazima. Redio itakuwa imekwambia.

Barua yako ya tarehe tano nimeipokea jana. Uliiandika asubuhi. Tuta la Tentulidihi lilikatika siku hiyohiyo, saa kumi alasiri. Watu tisa. Kalandi Mallik alikuwa wa kwanza, kwa sababu alikuwa juu ya tuta na viroba vya mchanga, yeye na wanawe wawili, wanaziba lile shimo. Alikuwa amechoka kungoja Jumatatu, au labda hakuchoka, alikuwa anaomba tu tuta listahimili mpaka siku hiyo. Sijui. Nalifikiria hilo kila ninapofunga macho.

Jumatatu ya kwanza nilikuwa kwenye boti nagawa mchele. Jumatatu ya pili, tarehe kumi na nne, nikaketi kusikiliza watu. Mzee Baidhar alikuwa ameshaandika orodha yake tangu siku ile nilipompa jina la mzee, akaifungua akaita, "Namba moja, Kalandi Mallik wa Tentulidihi!" Aliita kwa mazoea, mdomo ulitangulia akili. Mwanamke mmoja akasogea kando, kama mtu anayempisha mwingine apite. Baba, na mimi nilimpisha. Nilivuta faili zangu nikaacha nafasi mezani ya kuweka udongo.

Tangu hapo, ikifika saa saba mchana, nasikia harufu ya tope la mto. Nimewauliza wahudumu kama wanasikia. Wamesema ndiyo, lakini watu hunijibu ndiyo kwa kila kitu.

Kuna jambo lingine. Tume ya uchunguzi inakuja. Kwenye daftari la Baidhar mbele ya namba hamsini na tatu pameandikwa: hakuonana na Mkuu. Wakubwa wanataka Baidhar asimamishwe kazi, kwamba alimrudisha mtu mwenye habari ya hatari bila kuniarifu. Amebakiza miezi minane astaafu. Hakuna aliyeniona nikiongea na mzee yule ila dereva, na dereva ni mtu wangu.

Niambie nifanye nini. Ukiniambia ninyamaze nitanyamaza.

Kuni


Kesharpada, 12 Septemba 2006

Baba,

Shikamoo. Wiki tatu sijapata neno. Shangazi kaniambia kwenye simu kwamba unakula, unatembea, ila huongei, na karatasi unaichukua unairudisha. Umenikasirikia?

Tume inakaa tarehe ishirini. Naomba hata mstari mmoja.

Binti yako,
Kuni


Puri, 15 Septemba 2006

Kuni mwanangu,

Mwili wangu mzima. Sijakukasirikia. Nimekuwa nikitafuta namna ya kuandika hili bila wewe kuacha kuniita baba.

Mwaka 1978, nikiwa karani, alikuja mtu kutoka kijiji cha Kusumpur, jina lake Udhaba Naik. Saa ilikuwa saba na nusu. Alisema watu wanaharisha maji matupu, wanne wameshafariki, wanahitaji daktari na dawa ya kisima. Mlango ulikuwa umefungwa, na bosi ndani alikuwa anakula. Nilimketisha, nikampa maji, nikamwambia aje kesho asubuhi. Hakuja kesho yake. Hakuja tena. Kusumpur walizikwa na kuchomwa watu ishirini na watatu.

Bosi aliniuliza, "Gobardhan, kuna mtu yeyote alitoka Kusumpur kuleta habari?"

Nikasema, "Hakuna, bwana."

Neno moja. Akafukuzwa kazi bwana afya wa tarafa, kijana aliyekuwa ameoa mwezi ule. Mimi nikapandishwa cheo mwaka uliofuata. Mama yako alikufa hajui. Miaka ishirini na minane nikishika bilauri ya maji, mtu yule yuko mbele yangu anakunywa, koo lake linapanda na kushuka. Kila nilichokula, kila karo ya shule yako, alikuwepo.

Na wewe uliponiuliza namna ya kupanga saa, nilikupa mlango uleule. Nilijua mlango huo ulichofanya, nikakupa. Nadhani nilitaka wewe uutumie usidhuru mtu, ili nami nijione sikuwa na kosa. Huo ndio ukweli wangu, hauna pambo.

Hujaniuliza kama mtoto, umeniuliza kama mkubwa kwa karani wake. Basi karani anakujibu: usiseme hakuna.

Nimemwomba shangazi yako anitafutie basi la kwenda Kusumpur. Anadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Baba yako


Kesharpada, 28 Septemba 2006

Baba mpendwa,

Shikamoo. Wewe ni baba yangu. Hilo tusiliandike tena.

Nilisema. Mwenyekiti wa tume alikuwa amemaliza maswali yake, anauliza tu chai au kahawa. Nikamwambia, "Mzee yule alionana na mimi. Alinionyesha udongo. Mimi ndiye niliyempa tarehe." Akaweka kalamu chini taratibu. Akasema, "Mama Mkuu wa Wilaya, hakuna aliyekuuliza hilo." Nikamwambia najua. Akaichukua kalamu.

Mzee Baidhar hakunishukuru. Alinifuata ukumbini. "Mama, mimi ningekunyamazia. Nilikuwa nimeshamwambia mke wangu tujiandae." Kisha akaketi sakafuni, mtu wa umri wake, akalia kwa sauti.

Mhandisi aliyesema panya naye anachunguzwa. Mimi nimehamishiwa idara ya nyaraka za serikali, mji mkuu, chumba kisicho na dirisha, ndivyo ninavyoambiwa. Naondoka katikati ya mwezi ujao. Nilidhani nikishasema harufu ya tope itakoma. Haijakoma, Baba.

Ulifika Kusumpur?

Binti yako,
Kuni


Puri, 8 Oktoba 2006

Kuni mwanangu,

Uwe na afya. Nimerudi juzi, kiuno kinauma, basi lilikuwa bovu.

Udhaba Naik alifariki siku ya tatu baada ya kutoka ofisini kwetu. Lakini ana binti, Malati, mwenye wajukuu sasa. Nilimkuta anaanika pilipili. Nikasimama uani na mwavuli wangu nikamwambia, "Mimi ndiye karani aliyemrudisha baba yako mwaka wa kipindupindu."

Aliniangalia sana. Kisha akaingia ndani akatoa kigoda, akakifuta kwa ncha ya sari, akaniambia niketi.

"Baba alitusimulia habari zako," akasema. "Alirudi amefurahi. Alisema kule ofisini kuna karani mwema, amempa kiti, amempa maji kwa bilauri yake mwenyewe, wala hakumuuliza yeye ni wa tabaka gani. Alisema, tulieni, wakubwa wameshajua, msaada unakuja. Basi tukatulia. Mama alitaka atubebe atupeleke kwa wajomba, Baba akakataa. Alisema yule bwana hawezi kutudanganya."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilibeba hata nguo ya pili, kama watanimwagia maji machafu. Kwa hili sikuwa nimejiandaa.

Alinipa pilipili kavu za kwenda nazo. Ziko jikoni. Sijui nizifanye nini.

Baba yako


Kesharpada, 15 Oktoba 2006

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mwambie shangazi asizitumie hizo pilipili wala asizitupe. Nitakuja kwanza.

Jana nilikwenda Tentulidihi, bila gari la serikali na bila mtu wa kunitangulia. Wanakijiji wanajenga tuta upya, wanawake kwa mstari, vikapu kichwani. Mkandarasi hajafika bado. Nikamuulizia Sebati, mjane wa Kalandi Mallik, wakanionyesha mwanamke mfupi mwenye kikapu. Mbele ya wote nikamwambia kwamba mume wake alinifikia, kwamba alisema kila kitu sawasawa, na kwamba mimi ndiye niliyemwambia arudi.

Hakulia wala hakunitukana. Alimimina udongo wake mahali pake, akaushindilia kwa mguu, ndipo akanigeukia.

"Nasikia unahamishwa."

"Ndiyo, mama. Kesho kutwa."

"Na anayekuja ni nani?"

"Bado hajateuliwa. Inaweza kuchukua wiki tatu, hata mwezi."

Akaangalia mto. Maji yalikuwa yamepungua, lakini upande ule mpya wa tuta palikuwa na alama ya unyevu, imetokeza chini kabisa, pana kama mkeka. Wanawake wengine walikuwa wameshasimama, wote wananitazama mimi.

"Basi Jumatatu hii," Sebati akasema, "tumpelekee nani?"

Baba, nimekaa na barua hii tangu asubuhi, na sijampata wa kumtaja. Nimetuma mtu akamwambie Baidhar afungue mlango kesho saa kumi na mbili alfajiri. Nitakuwa ndani.

Binti yako,
Kuni