Nyumba Yako Kwenye Buluu

Yaya Marie-Claire,

Jambo kwako na watoto hapo Uvira. Mudogo wako nimebahatika: kwenye jumba la vioo karibu na stesheni ya Gare du Nord, mimi ndiye mukubwa wa ramani za ordinateur, zile za kompyuta! Hata baridi ya Bruxelles inaniogopa.

Bon. Juzi nilikuambia nyumba yako iko kwenye rangi ya buluu ya ramani, donc ulale salama. Leo nimemuuliza Mignonne, binti wa ofisini anayepanga muto, mvua na nyumba zenu juu ya ramani moja. Akashtuka: "Tonton, buluu ni mahali maji ya mafuriko yatafika! Nani alikuambia ni salama?"

Yaya, toka leo. Beba watoto, upande mulimani kwa mama mukwe.

Ni mimi Bienaimé. Si mukubwa wa ramani yoyote. Ninafagia ofisi yao.