Maji ya Mama Lusekelo

Iringa, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini kifua chako kimepona na baridi ya huko milimani haikusumbui tena. Mimi mwili ni mzima. Mdogo wangu Tupokigwe anapokusomea barua hii, mwambie asipaze sauti, maana sitaki shangazi asikie.

Jana alikuja Mama Lusekelo. Ndiye huyo, mke wa marehemu. Amekuja Iringa kumtazama binti yake aliyejifungua, akatembea kutoka mjini mpaka hapa shuleni na kapu la ndizi kichwani. Wavulana walipomwona wakapiga kelele, "Ambokile, mama yako kaleta ndizi! Leo hatulali njaa!"

Nikasema, "Si mama yangu, wala simjui vizuri."

Alisikia. Mmoja wao akamwuliza kama baba yangu bado yuko machimboni, kwa sababu ndivyo nilivyowadanganya tangu nilipofika. Mama Lusekelo alinitazama, kisha akajibu, "Bado hajarudi, mwanangu." Halafu akawagawia ndizi.

Mama, Baba alimwua mume wake, na yeye ndiye aliyenifichia aibu.

Tulikaa nyuma ya jiko. Akaomba maji, nikamletea kikombe nikidhani ana kiu. Akajaza kinywa, akayapuliza chini, kama wazee wa kwetu wanavyofanya wakitoa hasira. Akasema, "Nimemsamehe baba yako. Nimelia sana, na nitalia tena, lakini sitaki ubaya wowote umpate." Akanipa kikombe. "Sasa wewe. Mama yako ameniambia hutaki hata kwenda kumwona gerezani."

Nikasema, "Sisi Wakristo hatufanyi mambo hayo."

Akacheka. "Mimi nilibatizwa kabla hujazaliwa. Puliza!"

Wiki hii mimi ndiye niliyeongoza sala za asubuhi. Nilisoma habari za kuwasamehe adui, na mwalimu akanisifu mbele ya wote kwa kusoma vizuri. Basi nikatia maji kinywani. Lakini akilini nilimwona Baba jioni ile ya mauaji, ameshika panga, na wewe umepiga magoti ukimsihi, na yeye hakusikia. Nikashindwa kuyatoa. Mama, niliyameza.

Aliona. Unajua kwamba anayeyameza amebaki na hasira yake ndani. Nilitamani ardhi inifunike. Alinifuta uso kwa upindo wa kanga yake, kama mtoto mdogo, akasema, "Afadhali umeyameza kuliko kunidanganya." Akajitwika kapu lake, akaondoka.

Leo baada ya ibada nimewaambia wavulana ukweli kuhusu Baba. Yule aliyeuliza habari za machimbo alisogea akaketi karibu nami.

Nisalimie Bibi, na mjomba anayepiga kengele ya kanisa, na mama mkunga. Kwa Lusekelo sijui nitume salamu gani. Tulichunga ng'ombe pamoja, na tangu baba yake afe sijamtazama usoni. Mwambie tu kwamba nimemtaja.

Mama Lusekelo anasema akirudi huko na kumaliza mavuno, atakwenda mwenyewe gerezani Mbeya, amwambie Baba kwa kinywa chake. Likizo ikifika nipeleke gerezani. Sijui nitamwambia nini, na huenda nisimsamehe siku hiyo. Lakini nakuomba, Mama, umzuie kidogo mama huyu, asifike kwa Baba kabla yangu.

Ni mimi mwanao mwenye haya,
Ambokile